Watoto wachanga wadai matunda ya utafiti

Mnamo Januari 2011, kamati huru ya wataalamu iliyokuwa ikifuatilia utafiti mmoja mkubwa wa matibabu ya watoto hapa Afrika Mashariki iliagiza usimamishwe kabla ya muda wake. Utafiti huo, uliojulikana kwa jina FEAST, ulikuwa ukiendeshwa katika hospitali sita: nne nchini Uganda, ile ya Kilifi hapa Kenya na ya Teule iliyoko Muheza, Tanzania. Swali lake lilikuwa jepesi hivi kwamba baadhi ya madaktari hawakuona sababu ya kuliuliza. Mtoto akiletwa hospitalini na homa kali, amelegea au anahema kwa shida, na viganja na nyayo zimekuwa baridi kwa kuwa damu haizunguki sawasawa, je, atiliwe maji mengi kwa kasi kupitia mshipa, au apewe yale tu ya kumkimu huku akitibiwa maradhi yenyewe?

Vitabu vilivyoandikwa Ulaya na Marekani vilikuwa vimelijibu swali hilo kitambo. Mtilie maji haraka. Ndivyo madaktari wetu walivyofunzwa na ndivyo walivyowafunza wenzao. Lakini hakuna aliyekuwa amewahi kulipima jambo hilo kwa uangalifu miongoni mwa watoto wanaofika katika hospitali zisizo na mashine za kupumulia wala vyumba vya wagonjwa mahututi.

Watoto 3,141 walishirikishwa katika sehemu kuu ya utafiti huo. Matokeo yaliwaacha watafiti wenyewe vinywa wazi. Kati ya waliotiliwa maji kwa kasi, asilimia 10.6 ya kundi moja na asilimia 10.5 ya kundi jingine walikufa katika muda wa saa 48. Miongoni mwa wale ambao hawakutiliwa maji hayo, waliokufa walikuwa asilimia 7.3. Kwa kila watoto mia moja waliopewa tiba iliyodhaniwa kuwa ndiyo ya kuwaokoa, watatu zaidi walipoteza maisha.

Hapa yafaa nimtahadharishe mzazi anayesoma makala haya. Mtoto anayehara na kuishiwa maji mwilini hakuhusishwa katika utafiti huo. Yeye bado anahitaji kurejeshewa maji upesi, kwa chumvi ya ORS au kwa mshipa, na asije mtu akamnyima kwa kusingizia FEAST.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu kila mara utafiti wa kimatibabu unapotajwa, hakosi mtu wa kuuliza ni kwa nini watoto wetu wafanywe panya wa maabara. Si swali la kupuuzwa. Mnamo 1996, mkurupuko wa homa ya uti wa mgongo ulipoukumba mji wa Kano, Nigeria, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake mpya kwa watoto. Mia moja walipewa dawa hiyo na mia moja wengine wakapewa dawa iliyokuwa ikitumika tayari. Watoto 11 walifariki, na familia kadhaa zikalalamika kwamba hazikuwa zimeelezwa kuwa wana wao wamo katika majaribio. Kesi hiyo iliendelea kwa miaka mingi hadi kampuni hiyo ilipokubaliana na serikali ya jimbo la Kano mnamo 2009 kulipa dola milioni 75. Mwenye kukumbuka Kano ana haki ya kutaka kujua nani anauliza nini, kwa idhini ya nani, na kwa faida ya nani.

Hata hivyo, tofauti kati ya Kano na Kilifi ni kubwa. FEAST haikuwa ikitafutia kampuni soko la dawa mpya. Iligharimiwa na baraza la utafiti wa tiba la Uingereza, yaani kwa kodi ya Waingereza, nayo ilipima kitu kilichokuwa kikitumika kila siku katika wodi zetu bila mtu kushuku. Kilichowaokoa watoto waliofuata ni ile kamati huru, ambayo kazi yake ilikuwa kuzifungua takwimu kabla ya utafiti kwisha na kusema basi inapobidi. Tungeukataa utafiti ule kwa woga, tungeendelea kuwatilia watoto maji na kuwazika tukiamini kwamba maradhi ndiyo yaliyowashinda.

Si mara moja jibu la aina hiyo limetoka katika hospitali za umma za kanda hii. Kituo cha utafiti cha Kilifi, kinachoendeshwa na Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini Kenya (KEMRI) kwa ushirikiano na shirika la Wellcome Trust la Uingereza, kilianzishwa mnamo 1989 kando ya iliyokuwa hospitali ya wilaya. Kati ya 1998 na 2002, takriban kila mtoto aliyelazwa hapo alitolewa damu kidogo ili ichunguzwe kama ina bakteria. Walikuwa zaidi ya 19,000. Ilibainika kwamba robo ya vifo vya watoto waliolazwa vilihusiana na bakteria kwenye damu, na kwamba thuluthi moja ya vifo hivyo ilitokea siku ile ile mtoto alipofikishwa hospitalini. Kabla ya hapo, homa karibu yote ya mtoto wa Pwani ilikuwa ikiitwa malaria.

Matokeo ya namna hiyo yalisaidia kuwashawishi wakubwa kwamba chanjo za bakteria hao si anasa ya nchi tajiri. Kenya ilianza kutoa chanjo ya Hib mnamo Novemba 2001. Kabla yake, Kilifi ilikuwa ikipata visa 66 vya maradhi mabaya ya Hib kwa kila watoto 100,000 wa chini ya miaka mitano kwa mwaka. Kufikia mwaka wa tatu baada ya chanjo, visa vilikuwa vimeshuka hadi 7.6. Chanjo ya nimokoka ilifuata mnamo 2011, nayo ikapunguza kwa asilimia 92 maradhi makali yanayoletwa na zile aina za bakteria inazozilenga. Kwa upande wa malaria kali, utafiti uliofanyiwa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo, ulionyesha mnamo 2010 kwamba sindano ya atesuneti huokoa maisha zaidi kuliko kwinini. Vifo vilikuwa asilimia 8.5 kwa atesuneti na asilimia 10.9 kwa kwinini. Leo muuguzi kijana hajui hata kwinini ilitayarishwaje.

Ndiyo maana inaudhi kwamba mnamo 2025, vituo vingi vya afya humu nchini vilikosa chanjo ya BCG na ile ya polio, kina mama wakarudishwa nyumbani na watoto wao wachanga mgongoni. Ushahidi tulikuwa nao, tena wa siku nyingi. Kilichokosekana ni dawa yenyewe kwenye jokofu.

Lakini hoja yangu kubwa leo ni ya watoto wachanga, wale ambao hawajatimiza mwezi mmoja. Takwimu za uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya (KDHS) ni za kushangaza mtu akizipanga kwa miaka. Mnamo 2003, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa wakiwa hai, 115 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mnamo 2014 idadi hiyo ilikuwa 52, na mnamo 2022 ikawa 41. Hayo ni maendeleo ya kujivunia, na yeyote aliyefanya kazi katika wodi ya watoto miaka ile atakueleza tofauti anayoiona. Sasa wachukue wachanga pekee. Mnamo 2003 walikufa 33 kwa kila 1,000, mnamo 2014 wakafa 22, na mnamo 2022 wakafa 21. Kwa miaka minane tumemwokoa mmoja tu zaidi kati ya elfu moja. Nusu ya watoto wanaokufa nchini kabla ya miaka mitano hawafikishi siku 28, ilhali lengo la dunia tulilotia saini ni kushusha vifo hivyo hadi 12 kufikia 2030.

Kwa nini mkubwa apone na mchanga abaki nyuma? Mtoto wa miaka miwili anaokolewa kwa chanjo ya kliniki, kwa chandarua, kwa sindano ya siku tatu. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, njiti kama wanavyomwita wenzetu wa Tanzania, haokolewi kwa kitu kimoja. Anahitaji joto saa zote. Anahitaji maziwa yaliyopimwa kila baada ya saa mbili au tatu, kwa mrija kama hawezi kunyonya. Anahitaji oksijeni ambayo si nyingi wala si kidogo, na mtu wa kumtazama aone kama ameacha kupumua. Hakuna sanduku la dawa litakalotoka Geneva kufanya hayo. Yanafanywa na mikono ya muuguzi, na muuguzi ana mikono miwili tu.

Katika jiji la Nairobi, watafiti walikaa katika wodi za watoto wachanga za hospitali sita, za umma na za binafsi, wakafuatilia watoto 216 saa baada ya saa na kuandika ni huduma gani iliyotakiwa na ni ipi iliyotolewa kweli. Matokeo yalichapishwa miaka michache iliyopita. Kadiri muuguzi alivyokuwa na watoto wengi zaidi, ndivyo mambo yalivyoachwa bila kufanywa, na hali ilikuwa mbaya zaidi katika hospitali za umma. Msomaji atasema hilo hata yeye angelijua bila utafiti. Kweli, angelijua. Ila waziri wa afya wa kaunti akiambiwa na muuguzi kwamba wodi ina uhaba wa watu, husema wauguzi ni walalamishi. Akiwekewa mezani hesabu ya kila mlo uliorukwa na kila kipimo cha joto ambacho hakikuchukuliwa, inakuwa vigumu kumgeuzia muuguzi lawama.

Kuna tiba moja ya watoto hawa ambayo haihitaji umeme. Mama humweka mwanawe kifuani, ngozi kwa ngozi, akamfunga kwa kitambaa, kama vile kangaruu na kitoto chake. Humu nchini njia hii inajulikana kwa miaka mingi, lakini ilikuwa ikianzishwa baada ya mtoto kupata nafuu. Kwanza alazwe kwenye inkubeta, mara nyingi pamoja na wenzake wawili au watatu, siku zipite, kisha mama aitwe. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani (WHO) uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania uliuliza: je, ikiwa mama ataanza mara moja baada ya kujifungua, hata kabla mtoto hajatulia? Walishirikishwa watoto 3,211 waliozaliwa na uzani wa kati ya kilo moja na kilo 1.8. Nao pia ulisimamishwa mapema, safari hii kwa habari njema. Miongoni mwa waliowekwa kifuani mara moja, asilimia 12 walikufa ndani ya siku 28. Kwa wale waliosubiri, ilikuwa asilimia 15.7. Matokeo yalichapishwa mnamo 2021, na mwaka uliofuata WHO ikabadilisha mwongozo wake.

Sasa ingia katika wodi ya watoto wachanga ya hospitali ya kaunti uone kama mwongozo huo umefika. Utakuta inkubeta, utakuta karatasi ukutani yenye kanuni za kunawa mikono, na utamkuta mama amesimama mlangoni. Mara nyingi mama huhesabiwa kama mgeni wa wodi. Huitwa saa za kunyonyesha, hukamua maziwa ameketi kwenye benchi, kisha hutakiwa atoke. Usiku hulala katika wodi ya wazazi ghorofa nyingine, wengine wawili kitanda kimoja, na yule aliyeruhusiwa kutoka hospitalini hulazimika kurudi kila siku kwa nauli yake. Mshono wa upasuaji haujapona lakini anapanda ngazi. Mama huyo ndiye tiba yenyewe, ila hatujamwekea mahali pa kulala.

Katika nchi zile tano, hospitali zilizoshiriki zililazimika kugeuza mpango wa wodi ili kitanda cha mama kiwe kando ya mtoto na wote wawili wahudumiwe pamoja. Hiyo ndiyo sehemu ya matokeo ambayo watu wa bajeti hawaisomi. Kitanda cha ziada, choo cha karibu, sahani ya chakula cha mama mchana na jioni, na muuguzi wa kumwonyesha namna ya kufunga kitambaa na kumtambua mtoto aliyebadilika rangi. Wala isidhaniwe kwamba mama akikaa hapo serikali imepata muuguzi wa bure. Mama hatundiki dawa ya mshipa, na mwingine ni msichana wa miaka 18 anayemwogopa hata mwanawe mwenyewe kwa udogo wake.

Tangu 2013, afya imekuwa mikononi mwa serikali za kaunti. Magavana wengi wamejenga, hilo tuwape. Lakini jengo hufunguliwa kwa utepe na muuguzi hafunguliwi kwa chochote, kwa hivyo jengo hupata fedha kwanza. Itakumbukwa ule mpango wa kukodisha mashine za hospitali ulioanzishwa na serikali kuu mnamo 2015. Vyumba vya upasuaji vilipata fungu, usafishaji wa figo, eksirei na wagonjwa mahututi pia. Wodi za watoto wachanga hazikuwa na fungu lao. Kufikia 2020, kamati ya Seneti ilikuwa ikiukosoa mpango huo vikali, na baadhi ya mashine zilikuwa hazijawahi kutumika kwa kukosa wataalamu, umeme au maji.

Wakati huo huo, kuna kazi ya kimyakimya ambayo imeendelea bila utepe. Mnamo 2004 ilichapishwa ripoti ya uchunguzi wa hospitali 14 za wilaya humu nchini, na ilionekana kwamba vifo vya watoto waliolazwa vilitofautiana kutoka asilimia 4 katika hospitali moja hadi asilimia 15 katika nyingine. Kutokana na hali hiyo, Wizara ya Afya, watafiti na chama cha madaktari wa watoto walitoa kijitabu cha mwongozo kinachoingia mfukoni, wakaanza kuwafunza madaktari na wauguzi jinsi ya kumpokea mtoto mahututi, kisha mnamo 2013 wakaunda mtandao wa hospitali ambazo faili za wagonjwa wake husomwa mtoto anapotoka, jina likiondolewa. Hospitali hupewa ripoti yake: dawa zilipimwa sawa? Uzani uliandikwa? Wachanga wangapi walikufa na kwa nini? Huu ndio utafiti ninaoupenda kuliko wote, kwa sababu hauhitaji dawa mpya wala hauondoi tone la damu. Unamtaka tu daktari aandike alichofanya, na mkubwa wake akisome.

Mkubwa wake hukisoma? Katika hospitali kadhaa ndiyo, na mabadiliko yanaonekana. Lakini sijasikia bunge la kaunti likimwita waziri wake wa afya kueleza kwa nini vifo vya wachanga vilipanda mwezi fulani, jinsi anavyoitwa kueleza kuhusu barabara na taa za mitaani.

Kisha kuna suala la nani anayelipa. Karibu kila utafiti nilioutaja hapa uligharimiwa na wageni. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inasema Hazina ya Kitaifa ya Utafiti itengewe asilimia mbili ya pato la taifa kila mwaka. Hakuna bajeti iliyowahi kuukaribia mstari huo. Serikali ya Marekani ilipokatiza misaada yake mapema 2025, miradi mingi ya afya barani ilisimama wiki ile ile. Anayekulipia swali ndiye anayelichagua. Mgeni mwema atauliza swali jema, kama walivyofanya Waingereza kuhusu maji ya mshipa, lakini hatalazimika kuuliza ni wauguzi wangapi wa usiku wanaomtosha Bungoma au Garissa, wala ni kwa nini oksijeni huisha wikendi. Maswali hayo yanatuhusu sisi, na gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ile ya dawa mpya.

Nao wazazi wasisahauliwe. Katika FEAST, watoto waliletwa wakiwa hoi, na mzazi hakuwa na muda wa kusoma fomu ya kurasa kadhaa. Kamati za maadili ziliruhusu aelezwe kwa ufupi na akubali kwa mdomo, kisha maelezo kamili na sahihi yafuate mtoto akishatulizwa. Wako waliopinga utaratibu huo na wako waliousifu, na mimi nauona kuwa wa kiutu kuliko kumsomea mama kurasa huku mwanawe anakata roho. Lakini ukimwomba mtu mwanawe kwa dakika mbili usiku wa manane, una wajibu wa kumrudia baadaye na kumweleza kwa Kigiriama, kwa Kidigo au kwa Kiswahili, ulichokipata na kimebadilisha nini katika wodi ile ile. Ripoti ya Kiingereza katika jarida la Marekani haimfikii mama aliyeko Ganze.

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1, na kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni kuhusu bajeti. Mikutano hiyo hujaa maombi ya barabara na visima, na si vibaya. Safari hii mtu asimame amuulize mwakilishi wadi ni vitanda vingapi vya kina mama vimetengewa fedha ndani ya wodi ya watoto wachanga, na usiku wa Jumamosi kutakuwa na wauguzi wangapi zamuni. Na jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, lisiishie kwa makofi.